SOMO LA BIBLIA: "STRANGER" NI MGENI YUPI?

Masomo ya kusoma kwanza: Kumbukumbu la Torati 23:19-20, Mambo ya Walawi 25:35-38, Ruthu sura ya 2



Somo la mara hii halikutoka katika ratiba yetu. Lilitoka sokoni. Ndugu mmoja wa kusanyiko letu, ambaye sitamtaja jina, alimkopesha mama mmoja aliyefika juzi juzi kwacha 200, kwa masharti ya kaloba: mwezi ukiisha arudishe 300. Mwezi ulipoisha mama hakuwa nazo, na sufuria yake na blanketi moja vikachukuliwa. Wazee wa kanisa walipomwita ndugu yetu, hakuja mikono mitupu. Alikuja na Biblia ya Kiingereza, ile ya zamani ya King James, akafungua Kumbukumbu la Torati 23:20, akatuonyesha kwa kidole: Mwisraeli hana ruhusa ya kumtoza ndugu yake riba, lakini kwa "stranger" ruhusa ipo. Akasema, "Baba Mchungaji, huyu mama simjui. Kabila lake si langu, kanisa lake si letu, amefika mwezi wa tatu. Kama yeye si stranger, basi stranger ni nani?"

Nakiri mbele yenu kwamba siku ile sikumjibu vizuri. Nilimwambia habari za upendo, naye akaitikia kwa kichwa, wala hakurudisha sufuria. Swali lake lilikuwa juu ya neno, na mtu akiuliza neno hujibiwa kwa neno. Basi nilirudi nyumbani nikatoa madaftari yangu ya chuo cha Biblia, nikakaa nayo majioni kadhaa. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Neno lenyewe la Kiingereza

Watoto wetu wanaosoma shule za Zambia wanaleta Kiingereza nyumbani kila jioni, na wazazi tunajifunza kutoka kwao. Mtoto wangu wa gredi ya 5 alifundishwa asiongee na "stranger" njiani. Akaniuliza, "Papa, mbona wewe unasema mgeni ni baraka?" Nilicheka, lakini mtoto alikuwa amegusa jambo kubwa. Kiswahili chetu kina neno moja, mgeni, nalo linabeba mizigo mingi. Anayekuja kula kwako Jumapili ni mgeni. Usiyemjua ni mgeni. Wa nchi nyingine ni mgeni. Aliyeanza kazi jana ni mgeni kazini. Ndugu zetu Wabemba wanasema umweni, neno la ukoo mmoja na mgeni wetu, na yeye pia hupewa kiti kwanza kabla ya kuulizwa ametoka wapi.

Kiingereza kimegawa mzigo huo kwa watu wengi. "Guest" ni yule uliyempokea nyumbani, umemwekea chakula. "Visitor" ni anayekuja na kuondoka. "Stranger" ni usiyemjua, hata kama amezaliwa kijiji cha pili. "Foreigner" ni mtu wa nchi nyingine, hata kama unamjua miaka 20 na mmebatiziana watoto. "Alien" ni neno la sheria na karatasi za serikali, na leo vijana wanalijua zaidi kwa zile sinema za viumbe kutoka kwenye nyota. "Outsider" ni yule asiye wa kundi lenu, hata mkilala nyumba moja. Kisha kuna "sojourner", neno ambalo siku hizi hulisikii sana nje ya Biblia: mtu anayekaa mahali pasipo pake, kwa muda ambao yeye mwenyewe haujui.

Jipime hivi. Jirani yako wa block ya pili, mwenyeji wa Nchelenge, mnayesalimiana kila asubuhi kisimani: je, kwake wewe ni "stranger"? Hapana, anakujua mpaka jina la mtoto wako wa mwisho. Je, ni "foreigner"? Ndiyo, kadi yako inasema hivyo. Mtu aweze kuacha kuwa "stranger" katika wiki moja tu ya kusalimiana, lakini asiache kuwa "foreigner" mpaka kaburini. Anayeyachanganya maneno haya mawili atakosea hesabu ya watu.

Wafasiri wa King James, mwaka 1611, waliyachanganya. Siwalaumu sana, Kiingereza cha siku zao kilikuwa kingine, na "stranger" wakati ule lilimaanisha pia mtu wa nchi ya mbali. Lakini sisi tunaosoma leo tunapata neno moja pale ambapo Kiebrania kina maneno manne.

Maneno manne

La kwanza ni ger. Huyu ni mtu aliyeondoka kwao, kwa njaa, kwa vita au kwa shida nyingine, akaja kukaa katikati ya watu wengine. Hana shamba la urithi. Hana ukoo wa kumtetea barazani. Kwa hiyo Torati inamhesabu pamoja na mjane na yatima, tena na tena (Kum. 10:18, 24:17-21). Anapumzika siku ya sabato kama wengine (Kut. 20:10). Mshahara wake haulali mpaka kesho (Kum. 24:14-15). Sheria yake ni moja na ya mzaliwa (Law. 24:22). Walimu wa Wayahudi wa zamani walihesabu kwamba Torati inaonya juu ya ger mara 36, na wengine wao wakasema mara 46.

La pili ni toshav, mkaaji. Huyu mara nyingi anatembea pamoja na ger. Ibrahimu aliyatumia yote mawili juu yake mwenyewe siku Sara alipokufa, akisimama mbele ya wana wa Hethi kuomba mahali pa kuzikia (Mwa. 23:4). Alikuwa tajiri wa mifugo na watumishi, lakini ardhi hakuwa nayo hata ya kaburi moja, akailipia shekeli 400 za fedha. Waliozika mtu wao hapa wanaelewa sura ile bila mchungaji kuifafanua.

La tatu ni nokri. Huyu ni mtu wa nje ambaye bado ni wa kwao. Ana nchi yake, mfalme wake, nyumba yake ya kurudi. Anakuja kwa biashara au kwa safari. Hachukiwi: Sulemani alipoweka wakfu hekalu aliomba kwamba nokri atakayekuja kutoka mbali kuomba pale naye asikilizwe (1 Fal. 8:41-43). Lakini hayumo katika orodha ya mjane na yatima, kwa sababu ana mahali pake pa kuegemea.

La nne ni zar, asiyehusika. Neno hili si lazima liseme habari za nchi. Hesabu 1:51 inasema "stranger" akikaribia hema ya Bwana atauawa, na nimewahi kusikia mtu akiutumia mstari huo kuwatia hofu watu wa kabila lingine. Kumbe pale neno ni zar, na maana yake ni yeyote asiye Mlawi. Hesabu 16:40 inaeleza wazi: asiye wa uzao wa Haruni. Mwisraeli wa Yuda, mzaliwa wa pale pale, mbele ya hema alikuwa zar! Moto wa Nadabu na Abihu nao unaitwa hivyo, kwa sababu haukuwa moto ulioagizwa (Law. 10:1).

Sasa turudi sokoni

Katika Kumbukumbu la Torati 23:20, kwenye ruhusa ya riba, neno ni nokri. Si ger. Katika Kutoka 22:21, pale Mungu anapokataza kumwonea "stranger", neno ni ger. King James inaandika "stranger" pande zote mbili. Ndugu yetu aliona neno moja, akadhani ni mtu mmoja.

Na usiseme ni kosa la Kiingereza tu. Fungua Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version: mgeni huku na mgeni kule. Fungua Louis Segond ya Kifaransa ambayo wengi wetu tulikuja nayo: "étranger" huku na "étranger" kule. Tafsiri ya Kiingereza iitwayo NIV, katika chapa ya mwaka 1984, ilijaribu kuwatenga, ikaandika "alien" kwa ger na "foreigner" kwa nokri. Katika chapa ya mwaka 2011 mistari hii miwili ikarudi kuwa na neno moja, "foreigner". ESV ya mwaka 2001 inamwita ger "sojourner", na kwa somo hili naiona ndiyo iliyotusaidia zaidi.

Wale wa 1611 walijua tofauti hii, kwa kuwa walipoyakuta maneno mawili katika mstari mmoja hawakuweza kuyaficha. Soma Kumbukumbu la Torati 14:21, habari za mnyama aliyekufa mwenyewe. Ger anapewa bure. Nokri anauziwa. Pale King James inamwita wa kwanza "stranger" na wa pili "alien". Katika 15:3, nokri yuleyule anaitwa "foreigner". Na katika 23:20 anaitwa "stranger". Mtu mmoja, majina matatu, ndani ya kitabu kimoja!

Angalieni jambo lililomo katika 14:21: huyu anapewa, yule ananunua. Tofauti ni mfuko. Nokri ana fedha, na wafafanuzi wengi wanaeleza kwamba ndiyo maana riba iliruhusiwa kwake. Alikuwa mfanyabiashara, alikopa ili azidishe, wala hakufungwa na ule mwaka wa 7 wa kusamehe madeni. Je, mama yule alikopa kwacha 200 ili afungue duka? Alikopa kununua unga na dawa ya mtoto.

Halafu kuna Walawi 25:35-36, mstari ambao ndugu yetu hakuufungua. Unamzungumzia mtu aliyeanguka katika umaskini, mkono wake umelegea, na maneno ger na toshav yamo humo humo. Wafasiri hawakubaliani jinsi ya kuyaunganisha. King James inaelekea kusema kwamba amsaidie hata akiwa ger. Wengine wanasema amsaidie ndugu kama vile angemsaidia ger. Mimi sioni kwamba ugomvi huo unampa mkopeshaji nafuu. Kwa njia ya kwanza, ger ametajwa kuwa asitozwe riba. Kwa njia ya pili, ger ndiye kipimo: jinsi ulivyozoea kumsaidia mgeni aliye kwako, msaidie hivyo na ndugu. Kisha mstari unaofuata unakataza riba na faida.

Nilipomsomea haya, ndugu yetu alisema, "Lakini hiyo ni Torati, sisi si Waisraeli." Nikamwambia, vema, basi na 23:20 si yako pia. Hawezi mtu kubeba mstari wa 20 sokoni na kuacha Walawi nyumbani. Na kama anataka Agano Jipya, Luka 6:35 ni kali zaidi kuliko zote mbili.

Ruthu alijiita nani?

Hapa ndipo somo lilinigeuka mimi mwenyewe. Ruthu alipoinama mbele ya Boazi (Ruthu 2:10) hakujiita ger. Alijiita nokriya, yaani nokri mwanamke. Alikuwa Mmoabi, na kwa midomo yake alijiweka upande wa wasio na madai yoyote. Kuokota masazo shambani ilikuwa haki ya ger, mjane na yatima (Law. 19:9-10, Kum. 24:19). Boazi angeweza kusema: umejitaja mwenyewe, wewe ni nokriya, ondoka. Hakusema hivyo. Alimwambia achote maji ya watumishi, akamwita mezani, akaagiza masuke yaachwe makusudi. Ruthu alijipa jina la mtu wa mbali, na Boazi akamtendea kama wa ndani ya malango.

Musa naye aliyaweka maneno haya mawili katika pumzi moja. Alipozaa mtoto Midiani alimwita Gershomu, akisema amekuwa ger katika nchi ya nokri (Kut. 2:22). Mkimbizi aliyemkimbia Farao anampa mtoto wake jina la hali yake. Wako watoto katika makazi haya wenye majina ya namna hiyo.

Kwa sababu hii nilifungua daftari la katibu wetu wa kanisa. Kuna ukurasa umeandikwa WAGENI. Nilikuta humo familia zilizopita Kenani mwaka 2017 na kufika Mantapala mwaka 2018. Wamelima, wamezika, wameozesha, nasi bado tunawaandika wageni kwa sababu hawakutoka upande wetu wa ziwa au hawakusali kwetu tangu kule. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe, tukasahau kumpa jina. Nilimwomba katibu afunge ukurasa ule. Wale waliofika mwezi huu wana ukurasa wao, na baada ya miezi mitatu wanahamia kwenye orodha ya familia za kanisa.

Mahali hapa tunapokaa pana wageni wa zamani

Mnajua sherehe ya Mutomboko, inayofanywa kila mwezi wa Julai Mwansabombwe, Mwata Kazembe anapocheza mbele ya watu. Inakumbusha safari ya Walunda kutoka nchi ya Mwata Yamvo, upande wa magharibi, ambayo leo ni Kongo. Walivuka Luapula katika karne ya 18, wakakaa karibu na maji ya Mofwe. Waliwakuta Washila, wavuvi wa chifu Nkuba, wakawashinda kwa vita. Na Washila wenyewe wanasimulia kwamba walikuta wengine waliowatangulia. Wenyeji wetu wa leo wanasherehekea kila mwaka siku waliyofika! Sisemi hivi ili mtu akajibu vibaya kwa mwenye ardhi. Nasema ili tujue kwamba "mwenyeji" na "mgeni" ni majina ya saa, hayakuzaliwa na mtu.

Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, Novemba 1867, alimkuta hapo Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa misafara ya Waislamu wa pwani, ile misafara iliyobeba pembe na pia, kwa aibu kubwa, watu. Mtu huyu alikuwa amezuiliwa miaka mingi. Alikuwa na nyumba na watu wake, lakini ruhusa ya kuondoka hakuwa nayo. Hatimaye aliachiwa, akarudi Ujiji. Umwite nani kwa Kiingereza? "Guest" si sawa, "prisoner" si sawa kabisa, "stranger" si sawa, maana walimjua vizuri. Kiebrania kingemwita toshav, nadhani, na kuacha mengine.

Katika Agano Jipya

Nipite upesi hapa, tutarudi toleo lingine. Neno la Kiyunani ni xenos, nalo lina tabia ya mgeni wetu. Katika Mathayo 25:35 ni yule aliyekaribishwa. Lakini katika Warumi 16:23, Gayo aliyemkaribisha Paulo naye anaitwa xenos: aliyefika na aliyepokea, neno moja. Kwa Kiingereza nako, wataalamu wanasema "guest" na "host" yametoka katika shina moja la kale. Waebrania 13:2, pale tunapohimizwa kuwafadhili wageni, neno ni philoxenia, upendo kwa xenos.

Neno lingine ni paroikos, anayekaa kando ya nyumba ya wengine, ambalo Biblia yetu inaliita mpitaji (Efe. 2:19, 1 Pet. 2:11). Kutoka hapo lilikuja paroikia, na kutoka paroikia majirani zetu Wakatoliki walipata parokia. Nilipomwambia katekista wao kwamba parokia maana yake ya kwanza ni kambi ya watu wasio kwao, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi sisi hapa ndiyo parokia ya kweli."

Habari za sufuria

Sufuria na blanketi vilirudishwa siku ya Alhamisi, na zile kwacha 100 za riba zimefutwa. Ile 200 mama atalipa baada ya mavuno, yeye mwenyewe alisisitiza. Kuna wengine watano wanaodaiwa na ndugu yetu kwa kaloba, na wawili kati yao si wakimbizi, ni wafanyabiashara wa samaki wa Kashikishi wenye mitumbwi na injini. Anauliza kama hao si nokri wa kweli. Wazee hawajakubaliana. Mimi nimemwambia asubiri, nami bado nasoma.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Soma Kum. 14:21 pamoja na watoto. Nani anapewa, nani anauziwa? Kwa nini?

2. Mtoto anayesoma Kiingereza awaeleze wazazi tofauti ya "stranger", "guest" na "foreigner". Kila mmoja ataje mtu mmoja wa hapa kwa kila neno.

3. Kutoka 23:9 inasema Waisraeli waliijua nafsi ya ger. Baba au mama asimulie usiku wa kwanza walipovuka: nani aliwapa maji?

4. Katika block yenu, ni familia gani bado mnaiita "wale wageni"? Wamekaa miaka mingapi?

5. Kwa wakopeshaji: wafanyabiashara wawili wa Kashikishi, ungewajibu nini? Leteni mawazo yenu kwa wazee kabla ya Jumapili.